Mahali pa Kula Kati ya Butembo na Beni

Kijiwe chenyewe ni ubao tu, ubao mrefu wa mkaratusi uliolazwa juu ya jante mbili za magurudumu ya lori, pembeni ya barabara kubwa pale Kimemi, mjini Butembo, mbele ya quado ya Kakule, fundi wa magurudumu, ambaye hakuna anayemwita Kakule, wanamwita Rustine, kama kile kiraka cha mpira anachobandika penye tundu. Kila asubuhi wanakaa hapo Kilomètre, aliyekuwa dereva mpaka siku lori yake ilipochukuliwa na watu wenye bunduki wakisema wanaiazima, na mzee Ézéchias, jina lake la kijiwe Sauce, ambaye anasema alipikia Wazungu wa mashamba ya chai, na bibi yake anasema aliosha sahani. Kahawa ni ya Kanyere, thermos mbili, beseni ya mandazi, mtoto mgongoni. Lakini Jumamosi ile, mwaka wa elfu mbili na moja, wakati vita ilikuwa imeisha kuzoea kukaa kwetu kama mgeni asiye na haya, Kanyere alikuja na thermos moja tu, na mandazi machache, na kifurushi cha nguo, na viatu vya misa miguuni, akaweka kifurushi chini, akakiokota, akakiweka tena.

— Wabukire, mama Ananie, akasalimia Kilomètre. Hivi viatu iko ya leo ao ya kesho?

— Naenda Beni, akasema Kanyere, na maneno yakamtoka yote mara moja, kama maharagwe gunia likipasuka. Baba Ananie aliandika, anasema nikuje leo na gari ya Edmond, mutoto eko na miezi mine na hajamuona hata siku moja, kule ku dispensaire kwenye anatumika hapana kumupa congé ya kukuja, na kesho kiisha misa atatupeleka ku restaurant, ya meza yenye kitambaa, ya nappe, tukae sawa batu, na Edmond anasema njiani tutasimama kula, na miye sijui, muko munasikia nini ya barabara? Barabara iko namna gani?

Katika maneno yote yale kijiwe kilisikia moja. Restaurant.

— Olala, akasema Sauce, akasogea katikati ya ubao. Ya nappe!

Na si kwamba walimcheka. Kwetu mwanaume mwenye bibi akionekana anakula restaurant, habari inafika kwa wakwe kabla sahani haijaoshwa, watu wanauliza ni nani alizima jiko la kwake. Mama mkwe wa Kanyere alikuwa ameisha kuuliza, jana, akipepeta mchele ambao haukuwa na uchafu. Kwa hiyo restaurant, pale kijiweni, ilikuwa jambo la kuzungumza kwa sauti ya chini na kwa muda mrefu sana.

Gari ya Edmond, Toyota ndogo ya buluu, ilikuwa pale pale, imeinama upande mmoja juu ya jiwe, gurudumu limetolewa. Edmond mwenyewe, dereva wake, alikwenda kutafuta kamba za mizigo. Rustine alikuwa amekaza kiraka juu ya chambre à air, ule mpira wa ndani, kwa chuma, akamimina petroli kidogo ndani ya piston ya zamani, akawasha. Ndivyo anavyofanya: moto unapika mpira, ukizimwa kwa wakati wake kiraka kinashika mpaka Kisangani, ukiachwa kidogo tu zaidi, mpira unaungua na unaanza upya. Kanyere alitazama ule moto na akaomba, Mungu amsamehe, aliomba kiraka kisishike.

— Donc mutasimama Maboya, akasema Kilomètre. Ku restaurant ya mama Anne-Marie. Sikia, mama Ananie. Pale usikule mbuzi.

— Juu ya nini, sababu gani?

— Juu, mbele kuko barrière ya baaskari. Soda moja, na bunduki yake, anakukaribia, hapana kuuliza carte, anakusikiliza pumzi. Ukinuka mbuzi, anajua uko na kitu. Ukinuka sombe, majani ya muhogo, anasema, huyu maskini, pita. Mi nilipita miaka kumi na mbili na sombe mu kinywa.

— Uongo, akasema Rustine, macho kwa moto. Mbuzi haiko ya kula, mbuzi iko ya kuhesabu. Ukifika Maboya, mbele ya kushuka mu gari, angalia mbuzi zenye kufungwa nyuma ya restaurant. Zikiwa tano, sita, shuka, ukule, hakuna shida. Basoda bangekuwa karibu, zingekuwa zimeisha. Ikiwa moja, kunywa chai na miguu nje. Ikiwa hapana hata moja, na kamba iko pale…

— Na kamba iko pale? akauliza Kanyere.

— Edmond ageuze gari.

Kanyere akamsogeza mtoto mgongoni. Ananie alikuwa macho, anatazama moto naye, ametulia kama mtu aliyelipa kiti chake.

— Mubaache mbuzi, akasema Sauce. Bote mulikula ku restaurant ya mbao. Mi nilitumika ku meza ya kweli, ya Bazungu. Kitu ya kuangalia ni nappe. Nappe nyeupe ikiwa juu ya meza, pale kuko amani. Hiyo ni science. Mutu hawezi kutandika nappe nyeupe mahali masasi ya bunduki inapita. Nani atafua?

Hata Rustine alionekana kuguswa.

— Na ikiwa ya rangi? akauliza Kilomètre.

— Ya maua, beko banangojea kuona. Nyekundu, bale basoda bamekwisha kuikalia wenyewe. Nailo, ile ya kupangusa, ah, ile ni mama asiyeamini mutu yeyote, pale kula mbio mbio umesimama.

— Papa Sauce, akasema Kanyere, mi naomba tu kujua, mutu mwenye mutoto mu mugongo, ku barrière bamufanya nini? Banamushusha? Banapekua nguo za mutoto? Dada ya jirani yetu, bale ba upande wa Vulamba, balimwambia kama ku Kabasha mu kona, gari inasimama, na mtu anatoka mu majani, na…

— Kabasha! akasema Kilomètre. Pale usikule kabisa. Pale kuko ule mwanaume anauza maboke, samaki ya kufungwa mu majani. Samaki inatoka wapi mu mulima?

— Haiko swali ya samaki, Papa.

— Ni swali kubwa ya samaki. Fikiri. Ziwa iko mbali. Barabara ya ziwa imefungwa. Lakini samaki inafika, ya kila siku, ya mafuta. Donc kuko mutu anapitisha ile samaki kati ya bote benye bunduki, na bote banamuacha. Juu ya nini? Juu bote banaikula! Sasa ngoja nikuambie kitu chenye sikusema hata kwa bibi yangu.

Wakasogea. Rustine aliacha moto wake, akaja na bisibisi mkononi. Kanyere pia alisogea, hakutaka, miguu ilisogea.

— Kwa mama Anne-Marie pale Maboya, akasema Kilomètre, basoda banakulaka asubuhi. Bale ba porini banakulaka magaribi. Ku meza moja! Ku sahani moja! Mama aliandika horaire, saa ya kila mutu, ku mulango wa jikoni, na crayon. Na kati ya saa sita na saa nane, sahani zinaoshwa, hakuna wa hapa wala wa kule, vita inapumzika. Njo maana madereva bote banapita ile saa.

— Donc vita iko na horaire, akasema Sauce.

— Kila kitu chenye kuko na mutu anakula kiko na horaire.

— Basi ule mama afunge restaurant juma moja! Juma moja tu! Batakwenda kula wapi? Batarudi kwa bibi zabo!

— Ao aweke pilipili, akasema Rustine. Ile ndogo ya kwetu. Siku tatu. Nani atabeba bunduki na tumbo ile?

— Mi nitaandika barua, akasema Sauce, akipiga ubao kwa kiganja. Kwa bale bakubwa benye kufanya mikutano ya amani mu mahoteli. Nitabaambia, muache kusaini makaratasi, mutafute bapishi! Mujue kwanza nani anapika! Unafunga jiko tatu, Maboya, Kabasha, na ile ya pale ku kuingia Beni yenye nappe ya…

— Kinaungua, akasema Kanyere.

Kilikuwa kinaungua. Moshi mweusi ulitoka kwenye piston, na harufu ikafunika kahawa na mandazi na amani yote ya nchi. Rustine aliruka, akapuliza, akalaani Maboya na mbuzi zake. Kiraka kilikuwa kimekuwa mkaa. Edmond alifika saa ile ile na kamba begani, akatazama gurudumu, akatazama wazee watatu, akakaa chini juu ya kopo la mafuta kama mtu aliyeisha kukaa hapo mara nyingi.

— Nusu saa, akasema Rustine. Naanza upya.

Na Kanyere alijisikia mwepesi. Nusu saa, halafu nusu saa nyingine, halafu itakuwa mchana, halafu Edmond atasema kesho, na kesho si Jumamosi, barua ilisema Jumamosi, basi haikuwa kosa lake, angemwandikia Onésime, baba ya mtoto, vizuri kwa kifaransa cha shule, kwamba gurudumu, kwamba kiraka, kwamba mbuzi. Aliona barua nzima. Aliona pia Onésime kesho, na shati yake ya misa, amekaa peke yake kwenye meza ya viti vitatu, anamwambia mwenye restaurant, bado kidogo, beko banafika. Akaanza kufungua kifurushi, akakifunga, hakujua mikono inataka nini.

Ndipo lori iliyotoka upande wa Beni ikasimama ng'ambo, ikamwaga watu na ndizi, na mama mmoja akavuka barabara, mtoto mmoja mkononi na mwingine kiunoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake, kama inavyotakiwa, akasema anaitwa Hulda, ametoka Beni alfajiri, anaenda Kayna kwa dada yake, gari ya Kayna inatoka saa saba.

Kanyere alikuwa amesimama kabla hajamaliza.

— Dada, barabara, barabara iko namna gani, kuko nini ku barrière, bakikuona na batoto banafanya nini, balikushusha, kuko mutu mu kona ya Kabasha, mbuzi iko ngapi Maboya?

Hulda alimtazama. Alimtazama na viatu vyake vya misa, na Ananie.

— Barrière ni tatu, akasema pole pole. Ya kwanza baliuliza tunaenda wapi. Ya mbili hivyo hivyo, na bakakamata ndizi. Ya tatu soda alikuwa analala. Mi niliogopa yote tatu, dada, nisikudanganye. Nilishika hii ndogo mpaka akalia. Kiisha tukapita.

— Na kula? akauliza Sauce. Nappe ilikuwa rangi gani?

— Nappe? Tulikula Maboya mu gari, mihogo na mchuzi. Batoto balilamba mpaka majani. Lakini tangu pale, ni batoto, njaa imerudi. Akageuka kwa wazee kwa adabu. Bapapa, muniambie, hapa kwenu, hapa karibu, mutu anaweza kula wapi?

Kilomètre alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kidole cha kwanza.

Sauce alitazama juu ya barabara, halafu chini ya barabara, kama restaurant ingepita.

Rustine akawa na kazi nyingi sana na gurudumu.

Walijua mbuzi ya Maboya, walijua samaki ya Kabasha na meza ya mwisho ya kuingia Beni. Lakini hapa, hapa Kimemi, walikula kwa bibi zao, kama watu wenye heshima, na katikati walikula kwa… Wote watatu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Kanyere, na thermos moja, na viatu. Na Kanyere akawaona wanavyomtazama. Alikuwa amewaona kila asubuhi miezi hiyo yote na hakuwa ameona kitu. Hawa wazee waliogopa! Waliogopa Jumapili na Jumatatu bila kahawa, labda na Jumanne, labda asirudi, na walikuwa wanamrundikia mbuzi na nappe ili barabara iwe ndefu.

— Mweeh, akasema. Basi muko sawa na miye.

— Sisi? akasema Kilomètre. Sisi tuliongea tu.

Kanyere alimkalisha Hulda kwenye ubao, katikati, mahali pa Sauce, akawapa watoto mandazi yote yaliyobaki, akamwaga kahawa mpaka thermos ikatoa sauti ya upepo. Mtoto mkubwa alikula kwa mikono miwili bila kumtazama mtu. Kanyere alikuwa anamtazama yeye, jinsi mashavu yanavyokwenda, mafuta kidevuni, na kitu kikamkunja tumboni, akashtuka, akafikiri ni ule woga. Haukuwa woga. Woga ulikuwa juu zaidi, karibu na koo, palepale ulipokaa tangu Jumatano barua ilipofika, na tangu Jumatano hakuwa amemeza kitu cha maana. Hii ilikuwa chini.

Rustine alikaza bolti ya mwisho. Safari hii hakuna aliyemwongelesha, na kiraka kilishika. Edmond akawasha gari, akafungua mlango wa mbele.

— Mama Ananie, akasema, unaingia ao unabaki? Na ukiingia, tusimame kula wapi?

Wazee watatu wakainua vidole kwa pamoja.

— Mahali ya kwanza, akasema Kanyere, akimfunga mtoto mbele, kifuani, fundo bado linakataa kukaza. Ya kwanza kabisa yenye kuwa na moto. Endesha, Papa Edmond, niko na njaa.