Paipu ya Breki ya Nicanor Rading'

"Ripoti ya Gari Lililoachwa Kando ya Barabara Kuu Pasipo Idhini" ndicho kichwa cha karatasi tuliyopewa kituoni Jumatatu iliyopita, nayo inasema gari la marehemu lilisimama kwa "hitilafu ya breki, tazama faili ya mwaka jana", na kwa kuwa maneno hayo yalifika soko la Suna kabla sisi hatujafika nyumbani, familia imeniomba mimi Caleb, mwana wa dada yake, nisome historia hii polepole, hasa mahali panapohusu breki.

Marehemu Nicanor Rading', fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Uriri, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi mwaka 1954, kisha akaenda Homa Bay kujifunza ufundi wa magari kwa miaka tisa, na mwaka 1964 akafungua gereji yake hapa Suna. Tarehe 18 Desemba 1965 alimwoa Marcella, ambaye sote tunamwita Mama Dorine, na wakajaliwa Edinah, Joash na Dorine.

Mwaka 1979 alinunua Peugeot 404 ya mwaka 1966, ambayo wengi wenu mlioketi hapa mmepelekwa hospitali nayo, na wawili mmezaliwa ndani yake.

Mnamo Aprili 1996 gari hilo lilipelekwa Homa Bay kukaguliwa, mkaguzi akainama, hakuiona paipu ya breki ya gurudumu la nyuma la kushoto, maana hupita juu ya tangi la petroli, akaandika kwamba haipo. "Mzee, nisichokiona siwezi kuandika kwamba kipo," alisema, naye marehemu akamjibu kwamba yeye pia hajawahi kuziona figo zake, lakini anaishi nazo vizuri. Aliporudi nyumbani alipenyeza kidole, akaikuta paipu ipo, ila imeliwa na kutu, akakubali kwamba serikali ilikuwa imepatia kwa kukosea.

Fundi mwenzake, Bwana Okemwa, alimshauri aibane tu paipu hiyo kwa koleo, gari lifunge breki kwa magurudumu matatu, kama yanavyofanya magari kadhaa yaliyotuleta hapa leo. Marehemu alimjibu, "Okemwa ndugu yangu, upande huo ndio Mama Dorine hukaa."

Kazi ilichukua siku tatu. Aliteremsha tangi, akaichomoa ile paipu kuukuu bila kuikata, akailaza chini ili iwe kielelezo, akakunja paipu mpya ya shaba kwa kuizungusha kwenye sufuria za mkewe, kila kona na sufuria yake, kisha akairudisha kwa kupapasa, maana mkono ulipita hadi kifundo tu, na spana ilizunguka robo ya mzunguko kwa kila jaribio. Siku ya pili Mama Dorine aliinama akamwuliza, "Chakula nikuletee huko chini, ama utatoka kama watu?" Siku ya tatu ni yeye aliyekaa kwenye usukani kukanyaga pedali wakati hewa ikitolewa kwenye paipu za breki, kanyaga, shikilia, achia, hadi pedali ikawa ngumu. Gari lilirudishwa Homa Bay, mkaguzi akainama tena, hakuiona paipu tena, na faili ikabaki vile ilivyokuwa.

Marehemu alianza kuugua presha mwaka 1993. Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, akiendesha kwenda kliniki Homa Bay pamoja na Mama Dorine na jirani yetu Bi. Bosibori, alizidiwa njiani, wasamaria wakamkimbiza hospitali kwa gari lao, na Jumapili saa kumi na moja alfajiri akatutoka.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliokesha naye, majirani, kanisa, polisi waliolilinda gari hata kama hawakulielewa, na mafundi wote wa Suna, hasa Bwana Okemwa, aliyelirudisha jana akiliendesha mwenyewe, na aliposhuka akasema mbele ya familia, "Linafunga yote manne."

Pumzika sasa, fundi, toka chini ya gari unyooshe mgongo. Nanyi mtakaorudi sokoni, mkiulizwa, semeni hivi: gari lilikuwa likishuka mteremko, kifua kikambana, akakanyaga breki, gari likasimama pembeni, na wale akina mama wawili wakashuka kwa miguu yao.