Karanga Zirudi Uani Kwangu

Sogeeni, Danford na wewe Scolastica, kaeni hapo mkekani nisilazimike kupaza sauti, maana pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia inakwaruza. Na wewe Thadei, baba wa watoto hawa, kaa. Usijifanye unakwenda kufunga mbuzi, mbuzi wameshafungwa, nimewasikia. Leo nasema mimi Agatha, na msinikatize, maana nikikatizwa sijui kama nitapata nguvu ya kuanza upya.

Kwanza mjue kwamba kinachoniua ni moyo. Daktari amesema umetanuka, basi umetanuka. Mtu akija msibani akaanza kunong'ona kwamba Agatha kauawa na karanga, mnyamazisheni hapo hapo, hasa kama mtu mwenyewe ni Odeta, huyu mjane wa ng'ambo ya barabara mnayemwita mama mdogo kwa adabu tu, undugu wenyewe haupo.

Mnakumbuka ilivyoanza. Mimi niliyezaliwa kijijini Mamba, niliyekuzwa kwa uji wa karanga, siku moja nikala mboga niliyoila maisha yangu yote, midomo ikavimba, koo likabana, nikaanguka jikoni. Watu wakasema nimelishwa kitu, na mimi moyoni nikawa nimeshampata mwenye kosa, maana mboga ile Odeta ndiye aliyeniletea. Kule hospitali kubwa wakanichomachoma mkononi, yule daktari binti akasema, mama, una aleji ya karanga, usiziguse tena hata kwa bahati mbaya. Nikamwambia apime tena. Haki ya Mungu, nilitamani jibu liwe Odeta.

Nikaanza maisha mapya uzeeni. Tukatafuta kinu kingine, kwa sababu hata kisamvu kitupu kikitwangwa kwenye kile cha zamani kilinivimbisha. Sufuria zangu zikakaa pembeni, shamba la karanga mkapanda mahindi, nikazoea. Ila kwenda kwenye sherehe na hotpoti yangu sikuzoea kamwe. Nyie mnajua hapa Kasokola ukienda kwa mtu na chakula chako umemwambia nini: umemwambia unaogopa sumu yake. Kwenye kipaimara cha binti wa Odeta nilipofungua hotpoti watu wote waligeuka, naye akacheka kile kicheko chake, akasema, "Mama Danford, siku hizi umekuwa mzungu!" Nikatabasamu.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni kubangua. Miaka yote, mvua zikikaribia, wanawake wa mtaa huu walikuja kubangua mbegu za karanga uani kwangu. Kwangu! Hapa ndipo tulipotaniana, hapa ndipo waliogombana na waume zao walipokuja kulia na kucheka siku hiyo hiyo. Nilipopata aleji wote wakahamia kwa Odeta, na hakuna aliyekuja hata kuniaga. Jioni nakaa mlangoni nachambua mchele peke yangu, vicheko vinavuka barabara, na katikati ya vicheko nasikia sauti ya mwanaume. Sauti ya nani? Thadei, usiangalie chini. Eti alikwenda kuwasaidia kupeta. Wewe, ambaye tangu unioe hujawahi kushika ungo!

Akala huko. Akarudi amepiga mswaki, mtu ambaye jioni hajui mswaki uko wapi, akanywa maji, akaniachia nusu kikombe, nami nikanywa. Midomo ikavimba pale pale. Mke gani mwingine mwili wake unamfumania mume namna hiyo? Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na sikuwa nalilia uhai wangu, nililia kwa sababu karanga zilikuwa za Odeta.

Haya. Scolastica, wewe ndiye uliyeniletea habari ya jumuiya. Mlisali kwa Odeta, akampakulia baba yako kisamvu cha karanga sahani imejaa, naye akaisogeza pembeni akasema, "Mke wangu hali karanga, na mimi sili." Ulidhani nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo, ila wivu uliwahi kufika. Maneno matamu kama hayo, kwa nini ayasikie Odeta? Mimi nimelala hapa na miguu imejaa maji, yeye ndiye anaambiwa. Thadei, mimi mwenyewe hujaniambia mpaka leo.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sasa sikilizeni. Nyumba hii ni ya baba yenu mpaka naye anifuate. Shamba la mpunga la bondeni ni lako, Danford, na mkeo Happiness, wala usimsumbue dada yako kwa mipaka. Lile la juu, lililokuwa la karanga, ni la Scolastica. Mwanangu, ng'oa hayo mabua, panda karanga, na mbegu zibanguliwe hapa uani. Waite wanawake wote. Odeta mwite pia, aje akae mkekani kwetu kama mgeni. Vitenge vyangu gawaneni mnavyotaka, lakini nisione kimoja kimevuka ile barabara.

Sisemi baba yenu asioe. Nikisema hivyo mtaona nina roho mbaya, na kweli ninayo kidogo. Ila namjua mwanaume huyu: karanga anazipenda tangu ujana, ameziacha kwa ajili yangu, na nikishafukiwa atazirudia, ni haki yake. Na Odeta namjua. Siku ya mazishi atakuwa wa kwanza mlangoni na sufuria yake imefunikwa kanga.

Mwahini. Scolastica, siku hiyo amka kabla ya watu, twanga kisamvu, karanga zisage laini, usizihurumie, upike jikoni kwangu kama nilivyokuwa napika mimi kabla ya haya yote. Usiogope kuziingiza ndani, mimi hazitaniweza tena. Mpakulie baba yako kwa mkono wako. Azirudie hapa, kwangu, kwanza. Thadei, umenisikia? Usilie. Ule... ushibe.

Mungu awatunze, wanangu. Radhi yangu yote nimewapa... Mkipendana nitajua. Wajukuu zangu wale kila kitu... kisiwadhuru.

Msiniinulie huo mto... acha, acha tu.

Na Odeta... akija na sufuria yake, ipokeeni. Msimnunie. Na yeye mpakulieni... sahani nzuri. Aonje... ajue... huyu mume nilimshika kwa kitu gani.