Neno Nililomfunga Nalo Emmah

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupayuka. Gerishon, mwanangu, kaa hapo miguuni. Tabby, niinulie mto. Na wewe Emmah wa Tabby, mjukuu wangu uliyepewa pia jina langu la Wakonyo, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae kitandani.

Ya mali ni mafupi. Shamba hili la Kalimoni mligawane sawasawa, Gerishon na dada yako Tabby, na asije mtu kuniletea kelele kwamba binti aliyerudi kwao hana haki. Ng'ombe ni wa Tabby, ndiye anayeamka kumkamua nikiwa nimelala tu hapa. Basi, hayo yamekwisha. Linalonisumbua ni jingine.

Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Emmah akapata gredi ya chuo kikuu, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Ndipo mtoto akasema, polepole tena kwa heshima, "Shosho, mimi nataka kusomea stima, chuo cha ufundi kule Thika, halafu nifanye kazi na uncle Gerishon huko Ruiru." Likizo zote alikuwa akishinda naye kwenye maghorofa yanayojengwa akivuta waya, akirudi na vumbi nywele zote na kicheko mdomoni. Mimi nikaona haya. Nikawaza akina mama wa kanisa watanicheka, nikatoa titi langu mbele yenu nyote, nikalishika, nikasema: kwa titi hili lililomnyonyesha mama yako, ukiacha digrii ukashike nyaya, mimi si shosho yako, na kwenye kaburi langu usifike.

Ngai, Mungu wangu! Mwanamke wa kwetu hashiki titi lake kwa mchezo, hiyo ni laana. Tunaenda kanisani, tunaimba, lakini neno la namna hiyo hakuna anayethubutu kulivuka, na nililijua hilo vizuri nilipolisema.

Basi akaenda kusomea biashara asiyoitaka. Akaacha kula, akaacha kushika simu, mitihani ikamkuta amejifungia chumbani, na leo amerudi amebaki macho tu. Tabby, hujanilaumu hata siku moja. Afadhali ungenitukana.

Na wewe Gerishon, siku ile ile nilimalizia kwa kusema sitaki Gerishon wa pili katika boma hili, nawe umekaa papo hapo na kikombe cha chai mkononi. Kwenye harusi ya dada yako, nilipoitwa kutambulisha watu wetu, nilisema huyu ni mwalimu, huyu ni nesi, nilipofika kwako nikasema, "Na huyu pia ni wetu." Pia! Mwanangu wa kuzaa, fundi wa stima anayetafutwa Ruiru nzima, nikakosa hata neno la kukuitia. Moyo unaniuma, Gerishon. Nisamehe ukiweza, na kama leo huwezi, sikulazimishi.

Jana uliniambia, "Mama, ukiondoka na neno lile, huyu mtoto atabaki hapo hapo alipokwama." Ni kweli. Anayeweza kuliondoa ni aliyelisema, na mimi nimechelewa kwa sababu ya kiburi tu, si kingine.

Emmah, nipe mikono. Ifungue. Nikutemee mate ya baraka kama mama yangu alivyonitemea mimi... Tabby, maji. Mdomo umekauka. Kidogo tu... Ngojeni nipumue.

Haya. Hayo hapo. Jipake kifuani. Neno lile nimelirudisha mbele ya mama yako na mjomba wako, halipo tena, na asikutishe mtu nalo nikishaenda. Ukirudi kwenye digrii, ubarikiwe. Ukivaa ovaroli, ubarikiwe vilevile. Usiniangalie hivyo, ukingoja niseme ni lipi. Sisemi. Nikikuamuru uende ufundi nitakuwa nimekufunga tena, kwa kamba nyingine.

Mungu awakalie karibu... nyote watatu. Shambani msigombane. Tabby, nyamaza kulia, mama, nataka kusikia. Gerishon, na wewe usimsaidie Emmah kujibu.

Emmah. Sema unataka nini. Sema kwa sauti... shosho yako anasikiliza.