Ubao wa Matundu Matatu

Fungeni mlango huo kwanza, wanangu, kisha mketi mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kuchezea, na sitaki huyo mdogo wangu aliyeko uani ayasikie haya kutoka kinywani mwangu. Mnamsikia anavyocheka? Dada yake yuko humu anahesabu pumzi, yeye huko anamimina chai, anapokea wageni, anacheka kama yuko harusini. Na meno yake yote bado yako palepale. Mimi nimebaki na manne. Haya. Wewe Profesa, kaa hapa mkono wangu wa kulia. Wewe Kimya, binti yangu, kaa miguuni, univutie blanketi. Na huyo mke mwenzangu mdogo, mjukuu wangu, mwekeni hapo kwenye mkeka nimwone vizuri. Najua hajasema neno hata moja na mwezi ujao anatimiza miaka miwili, wewe Profesa, baba yake, umeshaniambia mara mia. Ni kwa ajili yake nimewaita.

Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii ya vyumba vitatu ni yenu wawili, na asiiuze mtu maadamu mwenzake hana pa kulala. Randa, misumeno na patasi za marehemu baba yenu apewe Kimya, kwa sababu anajua kuzitunza, na wewe Profesa usinune, ulishaiharibu misumeno miwili kwa kukatia mabati. Kitanda hiki ni cha mkwe wangu, mkeo Profesa, aliyenigeuza na kunisafisha miezi mitatu bila kukunja uso hata siku moja. Hayo yamekwisha. Lililobaki ndilo zito.

Mnaiona ile karatasi ndani ya fremu, pale juu ya kabati? Mmeiona tangu mpate akili. Ina muhuri wa kliniki, na imeandikwa kwamba mtoto huyu, yaani wewe Profesa, yuko mbele sana ya umri wake. Hakuna mgeni aliyewahi kunywa maji katika nyumba hii bila kuonyeshwa karatasi ile. Mama yenu mdogo nimemwonyesha mpaka akaikariri. Sasa sikilizeni, wanangu, nikwambieni ilivyopatikana.

Mimi na mama yenu mdogo tulijifungua wiki moja, wodi moja, vitanda vinatazamana. Wewe Profesa ulitangulia kwa siku tatu, nami kwa ujinga wangu nikadhani siku tatu hizo zingetosha, kwa mara ya kwanza maishani nimtangulie yule mtu katika jambo. Haikuwa hivyo. Miezi tisa tu, binti yake, dada yenu Kasuku, kakalishwa kwenye beseni pale bombani, wanawake wa mtaa mzima wanafua, akanyoosha kidole akasema, "Maji." Wazi kabisa! Wanawake wakaacha nguo, wakapiga makofi. Na mdogo wangu mnajua alifanya nini? Alicheka tu, akasema, "Huyu mdomo kauchukua kwa bibi yake," akaendelea kusuuza. Nami nikageuza shingo nikutazame mgongoni mwangu, mwanangu, nikakukuta unatafuna kamba ya sweta, mate yanakutiririka mpaka kifuani.

Wivu ulinishika palepale, na sina haja ya kuupamba kwa jina lingine. Tangu tukiwa wasichana yule alikuwa akinipita bila kutoka jasho. Mimi nilifagia, yeye akasifiwa kwa usafi wa nyumba. Mimi nilisubiri mchumba miaka sita, yeye akaenda kununua chumvi akarudi na mchumba. Nikasema moyoni, katika mtoto hanipiti, wallahi, hata nikiuza roho.

Wakati ule nilikuwa mfagiaji wa kliniki. Napiga deki, nafuta madirisha, nachemsha maji. Akaja mwanamke kutoka chuoni, tukawa tunamwita Mama Vipimo, na sanduku lake: kengele ndogo, kikombe, mwanasesere asiye na viatu, vitofali vyekundu, na ubao wa buluu wenye matundu matatu, la duara, la mraba na la pembetatu, na vipande vyake vya kupachika. Alitaka awapime watoto wote wa mtaa waliofika mwaka na nusu, kisha arudi awapime tena wakiwa shuleni, na tena wakiwa watu wazima, aone kama aliyewahi utotoni ndiye atakayekuwa na akili ukubwani. Basi, hilo ndilo swali lake. Zawadi hakuahidi. Lakini mimi swali sikulisikia, nilisikia mashindano.

Na kwa kuwa watoto hutia kila kitu mdomoni, vipande vile vilikuwa vinaoshwa kila jioni kwa maji ya moto na sabuni. Muoshaji alikuwa nani? Mimi. Nilivijua kwa vidole kuliko Mama Vipimo mwenyewe. Siku moja nikachana karatasi ya mfuko wa saruji, nikauweka ubao juu yake, nikauchora pembe zote, nikaikunja karatasi nikaificha kifuani. Baba yenu nilimkuta karakana anapiga msasa mlango wa mtu. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akauliza, "Unampima mtoto, au unajipima wewe na mdogo wako?" Nikamwambia achonge, aache maneno. Akachonga kutoka kipande kilichobaki cha ule mlango. Hakunitazama vizuri kwa siku kadhaa.

Wiki tatu, Profesa. Wiki tatu kila mchana nikirudi kazini nilikukalisha sakafuni humu humu chumbani, nikakushika mkono. Duara, tundu lake. Mraba, tundu lake. Pembetatu, tundu lake. Ukipachika, nakulambisha sukari kwenye kidole. Ukikosea, nakutoa mkono na kukurudisha mwanzo. Ulilia, nikakufuta machozi, nikaanza upya. Mtoto wa mwaka na nusu! Nilipokuwa nakufuta machozi nilikuwa namwona mdogo wangu, jinsi uso wake utakavyosawijika.

Siku ikafika. Kasuku akatangulia. Akapachika duara, akapachika mraba, kisha akaitazama pembetatu, akairusha dirishani. Na mama yake akacheka! Mbele ya watu wote, mtoto kashindwa, yeye anacheka mpaka anashika mbavu, anatoka nje kuitafuta majanini. Hicho ndicho sijamsamehe mpaka leo. Si "maji", si mchumba wa kwenye chumvi. Ni kucheka kule. Mimi nisingeweza kucheka hata ningelipwa.

Ukaja wewe. Ulipachika vyote vitatu bila hata kutazama, chap chap, kisha ukafungua mdomo, ukakaa hivyo, unasubiri. Mama Vipimo akauliza, "Anataka nini?" Nikasema, "Ana kiu." Akaandika kitu pembeni mwa karatasi yake. Mimi sikujali, nilikuwa namtafuta mdogo wangu kwa macho. Naye akaja akanikumbatia, akanipongeza kwa moyo mweupe. Hata donge hilo alininyima, la kumwona amenuna. Jioni yake nikamng'ang'ania nesi wa kliniki, akaniandikia karatasi ile kwa alama zako za siku hiyo na kuigonga muhuri.

Mengine unayajua kwa sababu yalikupata wewe. Nilikwenda na karatasi ile kwa mwalimu mkuu, ukaanza shule na miaka minne. Nikarudi nayo tena, ukarushwa darasa. Ukawa mdogo kuliko wote, miguu haifiki chini kwenye benchi, wenzako wakikuita Profesa huku wakicheka, nami nikilisikia jina hilo natembea kifua mbele. Mtihani ule mkubwa ukaushindwa mara tatu. Na mara ya tatu ulikaa pale mlangoni, una miaka kumi na tisa, ukaniuliza, "Mama, ile akili yangu ya utotoni ilikwenda wapi?" Nikakujibu nini? Nikakujibu, "Umeichezea."

Usiinamishe kichwa. Nitazame.

Mwaka uleule Mama Vipimo alirudi, ana mvi, kuwapima wenzako ukubwani. Nilikuwa bado nafagia. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, matokeo yake yanasemaje. Akasema karatasi za mwaka na nusu na karatasi za ukubwani zinafahamiana kidogo mno. Wapo waliowahi wakabaki mbele, wapo waliowahi wakawa wa katikati, wapo waliochelewa na sasa huwezi kuwajua. Mtoto aliye nyuma sana, nyuma kwa kila kitu, huyo humfuatilia na kumsaidia mapema. Lakini hawa wengine, akasema, "Mama, ningekuambia kwa umri ule kwamba huyu atakuwa fulani, ningekuwa nabahatisha tu." Kisha akanitazama, akatabasamu. "Wako si yule aliyefungua mdomo? Karatasi yake sikuichanganya na za wenzake. Nilijua amefundishwa." Nilitamani sakafu niliyoipiga deki inimeze. Miaka kumi na nane natamba, kumbe hata mashindanoni hatukuwamo. Nami nikanyamaza. Ningekwambia siku ile ungekuwa mtu mwingine, lakini ningekwambia, mama yako mdogo angejua. Nikachagua ubaki unaumia wewe.

Maji kidogo, Kimya. Polepole. Basi.

Na wewe, usidhani sikuoni. Wewe ulitembea ukikaribia miaka miwili, ulisema ukiwa na mitatu na nusu, na wageni wakija nilikuwa nakupeleka chumba cha nyuma, Mungu anisamehe, nikisema umelala. Neno lako la kwanza ulilisema karakana kwa baba yako, si kwangu, nalo halikuwa neno, ni maneno mawili: "Mlango haufungi." Na kweli ulikuwa haufungi! Baba yako alikuja mbio kunieleza, machozi yanamtoka, nami nikasema, "Kasuku umri huo alikuwa anaimba." Leo wewe ni fundi wa friji unayeitwa mpaka mahotelini. Lakini usijidai, kuchelewa nako hakukukupa ubingwa, ubingwa umeutafuta mwenyewe kwa kuungua vidole. Na Kasuku mnamwona wenyewe, anakata tiketi za mabasi, ana wateja wake, ana vichekesho vyake, hana neno na mtu. Alipopata kazi ile nilijifungia humu nikafurahi peke yangu. Kumbe na yeye alikuwa anafurahi, huko kwao, kwamba amepata kazi.

Sasa nasikia, Profesa, kila asubuhi kabla hujaenda kwenye mizani yako kupima malori unamkalisha mwanao na kadi za picha. Sema ng'ombe. Sema kikombe. Hasemi, unapandisha sauti, analia, mkwe wangu anajifanya anaosha vyombo. Mnadhani sisikii kwa kuwa nimelala? Kimya, shangazi yake, alimpeleka akapimwa masikio, anasikia. Ukimtuma kiatu analeta kiatu, akikosa anachotaka anakuvuta suruali. Mpelekeni kliniki kila wanapowaita, waendelee kumwangalia, hiyo ndiyo kazi yao. Lakini kadi zile zitoke katika nyumba hii leo. Unamtafutia mtoto ile akili unayodhani uliipoteza wewe.

Kimya, ingiza mkono uvunguni, nyuma ya ndoo. Hicho kifurushi cha gazeti. Mpe kaka yako. Fungua, Profesa, usiogope.

Ndiyo. Ndio huo. Ubao wa mlango wa watu. Itazame hiyo pembetatu, hapo rangi ilipobanduka. Hayo ni meno yako, mwanangu, manne ya juu na mawili ya chini. Uliitafuna kila nilipogeuka. Ulikuwa mtoto kama watoto, mwenye kupenda sukari na kutafuna mbao. Hukuichezea akili. Hakuna kitu ulichokuwa nacho kikapotea. Neno lile nililokujibu pale mlangoni nalirudisha leo, mbele ya dada yako na mbele ya mwanao, lilikuwa la uongo nami nilijua. Nikasirikie, una haki. Ila ukasirike upesi, muda wenyewe unauona.

Fremu ile ishusheni. Karatasi itoeni, mtie picha ya baba yenu, ile aliyoshika randa. Mama yenu mdogo mwambieni yote... mwambieni nikishazikwa, sitaki kuuona uso wake akifurahi. Hapana. Hatafurahi, ndio ubaya wake yule, atalia na kunikumbatia. Basi mwiteni aingie, nimwambie mwenyewe. Ila asikae upande wa dirisha, ananizibia mwanga. Na chai yake ailete, nasikia harufu yake tangu asubuhi, hakuna aliyenipa.

Ngojeni, msifungue mlango kwanza. Mpe mtoto huo ubao, Profesa. Mwekee tu hapo mkekani.

Mungu awakuze. Mungu awape... awape kazi zisizowadhalilisha, na usingizi. Mkitofautiana, tofautianeni mkiwa mmekaa meza moja. Radhi zangu zote nimewapa, sina niliyoibakiza. Na wewe Kimya, zako ni mbili, ile ya chumba cha nyuma nilikuwa sijakulipa.

Anafanya nini? Sioni vizuri. Ameshika duara? Analiweka kwenye mraba... haliingii. Analigonga. Gonga, mke mwenzangu, gonga.

Profesa. Nimeuona mkono wako ukienda kumsaidia. Urudishe.

Urudishe, mwanangu. Muache.

Ehee. Hivyo. Uweke hapa, juu ya wangu.