Dirisha la Shemeji

Mgeni rasmi, mama yetu mkurugenzi, karibu kiwandani. Sisi mafundi cherehani tumefurahi kukuona, na tumefurahi zaidi kwamba kwa ajili yako vyoo vimepigwa deki.

HISTORIA
Mpishi wetu alikuwa akigawa chakula kupitia kidirisha cha jikoni. Tuliona mkono wake na upawa tu, sufuria hatukuiona. Basi kila mtu akajitafutia undugu. Tulimwita "shemeji", hata sisi tusio na dada. Mwenye kumchekea alipata minofu, mwenye haya akapata mchuzi. Msimamizi wetu alikuja na sahani mbili, ya pili akisema ni ya mgonjwa. Mgonjwa huyo hakupona wala hakufa.

MAFANIKIO
Mvua ikabomoa ukuta wa jiko. Shemeji akahamishia sufuria uani, sote tukiiona, na siku hiyo hiyo mkono wake ukanyooka, kila sahani ikapata sawa. Msimamizi alipotoa sahani ya pili, foleni nzima ikamgeukia.

"Mgonjwa aje mwenyewe," akasema mama mmoja wa idara ya vifungo.

Sahani ikarudi chini ya koti. Kesho yake mama huyo, ambaye ni mjamzito, alipofika mbele, sisi wenyewe tukapaza sauti: "Shemeji, mwongezee! Hao wanakula wawili!" Hakuna aliyenuna. Mgeni rasmi, usidhani tuligeuka malaika. Tulikuwa tunaonana tu.

CHANGAMOTO
Uongozi umejenga ukuta mpya, ule wenye utepe nyuma yako. Kidirisha chake ni kidogo kuliko cha zamani. Bado hakijafunguliwa, lakini jana tayari watu watatu walimpa Shemeji pole ya msiba wa kwao, kila mmoja akidai marehemu alikuwa mjomba wake yeye pia.

MAOMBI
Tunaomba sufuria ibaki uani. Tunajua chakula chako kimefunikwa ofisini. Tunaomba ukiache huko, upange foleni nasi. Shemeji amekubali kukupakulia kama wengine, ila ameomba usimkazie macho, asije akamwaga mchuzi.

Mwisho, mkasi uliopewa wa kukatia utepe ni wa idara ya ukataji. Kama umeghairi kuukata, tunaomba uturudishie sasa hivi. Kuna mashati yanausubiri.

Mungu akujalie afya, na tumbo lenye njaa kama letu.

Ni sisi,
Mafundi Cherehani, Zamu ya Asubuhi.