Kibwana Nassibu, na Bakuli Nililolificha

Assalaam alaykum, ndugu, majirani na wageni mliofika. Mimi ni Nurdini Nassibu, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na ninawaomba mnaonong'ona kule nyuma mninyamazie kidogo, maana hayo mnayonong'ona nayajua, yalianzia kwangu.

Marehemu kaka yetu Kibwana alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Mbuchi, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akaingia kazi ya kukata boriti za mikoko, hadi mwaka 2009 alipofunga mashine ya kukoboa mpunga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika kuwa mchele wake umepungua, nami nashuhudia, kwa kuwa nilikuwa nikimchunguza hata yeye.

Mwaka 1992 alimwoa Mwanaharusi, wakajaliwa Zuhra na Kheri, na baada ya Mwanaharusi kufariki mwaka 2014 kaka alikaa miaka mitatu peke yake, ndipo tarehe 8 Julai 2017 akamwoa Sabra, binti wa watu wa Chumbi, ambaye sisi wa huku tulimwita mtu wa kuja, na mimi sikumwamini hata siku moja.

Jana, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alirudi kutoka msikitini, akanywa uji wa mchele aliopika Sabra, nusu bakuli, akashika kifua akisema kinambana, taya linamuuma na mkono wa kushoto umekuwa mzito, jasho likamtiririka ilhali kulikuwa na baridi. Sabra alinijia mbio, akaniambia shemeji, tafuta boti, maji yanakupwa, tumpeleke hospitali sasa hivi. Nikajiuliza mwanamke huyu ana haraka gani, kwa nini anataka kumwondoa ndugu yetu mbele ya macho yetu, na badala ya kutafuta boti nikalifunga lile bakuli kwenye mfuko wa nailoni, nikalificha chini ya kitanda changu, nikamkalisha shemeji yangu na kumhoji ametia nini, kaka naye akisema ni gesi tu, itapita. Nilipomaliza kuhoji ilikuwa saa mbili, mto umebaki tope, boti ya jirani yetu Abdulazizi imekwama, tukangoja maji mpaka saa saba mchana.

Tulifika hospitali Kibiti saa kumi jioni, nikamkabidhi daktari lile bakuli, wala hakulitazama, aliuliza maumivu yalianza saa ngapi, nikamjibu kwa haya, saa kumi na mbili asubuhi. Alisema ni mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha moyo damu umeziba, na kila saa inayopita moyo unazidi kufa, kwa hiyo mtu akibanwa kifua namna ile, akatoka jasho, maumivu yakapanda tayani au mkononi, apelekwe saa ileile, asingoje kuona kama yatapita. Kaka alifariki saa kumi na moja na robo. Tukiwa njiani kurudi, Abdulazizi, aliyeswali alfajiri ubavuni mwake, alinieleza kwamba kaka alikuwa ameshika kifua tangu msikitini, kabla hajaonja uji wa mtu.

Basi anayetafuta aliyemchelewesha Kibwana asimtazame Sabra, anitazame mimi. Nimeona maji aliyoteka yakimwagwa, na gunia la mchele walilokuja nalo ndugu zake wa Chumbi halijafunguliwa mpaka sasa, na najua kwa nini. Tukitoka makaburini mchele huo ndio utakaopikwa, na sahani ya kwanza nitakula mimi, mbele yenu.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliompokea, Abdulazizi kwa boti yake, majirani mliochimba kaburi, na wote mliofanya kazi naye kwenye mikoko na mashineni.

Kaka Kibwana, Mola akupumzishe kwa amani. Bakuli nimelirudisha kwa mkeo, nimemwomba radhi.