Nafasi ya Benchi la Tatu: Kumuaga Bwana Wino, Mchapaji Wetu

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi jioni, mchapaji wa kanisa letu atafunga mlango wa chumba cha uchapaji na kukabidhi funguo, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Kwenye faili la ajira ana majina matatu, yote mazuri, lakini nikiyaandika hapa nusu yenu mtauliza ni nani huyo anayestaafu. Tunamjua kwa jina la Bwana Wino, na kwa jina hilo tunamuaga.

Alifika akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, cheti cha chuo cha ufundi mkononi na mama yake nyuma akisukuma kiti cha magurudumu. Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka minne. Mwaka huo kanisa lilikuwa limefanya semina ya siku tatu kuhusu kuwapokea watu wenye ulemavu, na kwa kweli halikufanya mchezo. Ngazi sita za mlango mkubwa zilijengewa mteremko wa zege wenye vyuma vya kushikilia. Milango miwili ilipanuliwa. Mashine ya kurudufu ilishushwa kutoka ghorofani na wanaume wanane, na inasemekana mmoja wao alilalamikia kiuno mpaka Pasaka. Na ndani ya kanisa, upande wa kulia, benchi la tatu liling'olewa lote ili kiti cha magurudumu kipate nafasi.

Mimi nilimkuta. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na nne nikiwa karani wa ofisi hii, na kwa miaka kumi na saba nimekuwa pia katibu wa kamati ya majengo, jambo ambalo nitalirudia nikishapata ujasiri. Wageni kutoka makanisa mengine wakija kujifunza kwetu, kazi ya kuwazungusha ni yangu. Nilikuwa nawaonyesha mteremko, kisha ile nafasi ya benchi la tatu, kisha Bwana Wino mwenyewe kama alikuwa karibu. Walipiga picha, wakatusifu, wakaenda zao.

Kuhusu kazi yake sina haja ya kuongeza chumvi. Amechapa karibu matoleo elfu moja na mia tano ya jarida hili mnaloshika, kwanza kwa stensili za wino zilizomwachia madoa mpaka kwenye viwiko, ndipo jina likapatikana, na baadaye kwa mashine za kisasa ambazo hajawahi kuziamini. Kila asubuhi huigonga ile mpya ubavuni mara mbili kabla ya kuiwasha. Fundi wa mashine amemweleza mara nyingi kwamba kugonga hakusaidii chochote. Siku ambayo Bwana Wino alilazwa na malaria, mashine iligoma, na fundi alipoishiwa mbinu nilimwona kwa macho yangu akiigonga ubavuni mara mbili.

Jicho lake kwa makosa limeogopwa na wachungaji wanne mfululizo. Mwaka mmoja nilimpelekea tangazo la ndoa nikiwa nimebadilisha jina la bwana harusi na la msimamizi wake. Sijakaa vizuri kitini nikasikia magurudumu koridoni, na kichwa chake kikachungulia mlangoni. "Dada Karani, huyu bibi harusi amebadili mawazo, au wewe ndiye umembadilishia?" Tungemuoza mtu ambaye tayari alikuwa na mke na watoto wawili.

Viti vya ukumbini kwetu havijawahi kutosha, na kila sala ya asubuhi wafanyakazi tulikuwa tunavigombania. Bwana Wino alikuwa akituangalia huku amekunja mikono, akisema, "Nyie gombaneni tu, mimi mwenzenu nimekuja na changu." Tulicheka kila mara. Utani huo ulikuwa mali ya ofisi nzima, na kila mfanyakazi mpya alisimuliwa siku ya kwanza.

Yapo mengine aliyoyafanya bila semina yoyote. Alipogundua kwamba baadhi ya wazee wanashika jarida juu chini kwa adabu tu, alianza kuchapa nakala kumi na moja za herufi kubwa, na anajua kila moja inakwenda kwa nani. Kwa fundi cherehani wetu ambaye hasikii, alihakikisha mahubiri yanapatikana kwenye karatasi kabla ya ibada. Kila Ijumaa mchana alikuwa akijiegesha nje ya mlango wa mchungaji na kukaa hapo kimya mpaka apewe. Mchungaji wetu wa sasa amekiri hadharani kwamba hajawahi kuandaa mahubiri mapema hivyo maishani mwake. Na tangu mwaka jana, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari na kuacha kuja kanisani, nakala yake ya herufi kubwa imekuwa ikipelekwa na Bwana Wino mwenyewe kila Jumamosi. Wanakaa barazani, magurudumu kwa magurudumu, na mwalimu humsahihisha hata yeye.

Sasa niiseme ile nafasi. Benchi moja la kanisa letu huchukua watu saba. Lilipong'olewa la tatu palibaki uwanja mzuri wa saruji, benchi la pili mbele, la nne nyuma, na katikati Bwana Wino. Mama yake alipokuwa hai, alikuwa anakaa mwanzo kabisa wa benchi la nne. Ikifika saa ya kupeana amani, mama huyo aliinama mbele na kumshika bega. Alifariki miaka tisa iliyopita. Tangu hapo, watu wote wakigeuka kulia na kushoto kushikana mikono, Bwana Wino kulia kwake hapana mtu na kushoto kwake hapana mtu. Walio mbele hugeuka wakikumbuka. Wengine tunampungia kutoka tulipo, na tunapunga vizuri sana, kwa tabasamu.

Haya nisingeyaandika kama asingenikatia sentensi. Kitu chochote kinachochapwa katika kanisa hili kinapita mikononi mwake, kwa hiyo hata wasifu wake mwenyewe ilibidi nimpelekee. Rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri, ndefu kiasi, imejaa sifa. Aliirudisha siku ya pili na masahihisho ya kalamu nyekundu: mikato mitatu, neno moja lililojirudia, na mstari ulionyooka juu ya sentensi nzima. Sentensi yenyewe ilisema: "Katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiona mpweke miongoni mwetu."

Kwa miaka ishirini na nne hajawahi kunifutia sentensi. Msimamo wake siku zote ni kwamba yeye ni mtu wa nukta na mikato, maneno ni yetu wenyewe. Basi nikanuna. Nilijiambia kwamba mtu tuliyemjengea mteremko hawezi kutufanyia hivi wiki ya kuaga, nikaingia stoo kutafuta picha za kumthibitishia. Picha zilikuwepo nyingi. Bwana Wino juu ya mteremko na wageni, Bwana Wino mbele ya mashine na wageni, Bwana Wino katika nafasi yake, wageni wamesimama nyuma. Nilizipanga zote mezani nikitafuta moja tu ambayo mtu ameketi naye, na sikuipata.

Ndipo nikafungua faili la kumbukumbu za kamati ya majengo, na sasa ule ujasiri niliouahidi lazima upatikane. Miaka tisa iliyopita, wiki tatu baada ya mazishi ya mama yake, kuna ombi la mistari miwili: mchapaji anaomba kiti kimoja cha kawaida kiwekwe kando ya nafasi yake. Kamati ikasema italiangalia. Kikao kilichofuata, kiti kingeziba njia. Kingine, kiti kisichofanana na mabenchi kingeharibu mwonekano. Kingine, asubiriwe fundi seremala atoe ushauri. Katika kikao cha tano mjumbe mmoja akauliza, "Kwani si mwenyewe husema anakuja na chake?" Tulicheka wote. Nilicheka mpaka nikaharibu mstari, nikauandika upya: "Ilielezwa kwamba mwombaji huja na kiti chake. Suala limefungwa."

Maneno hayo ni yangu. Chini ya ukurasa imeandikwa kwamba zilichapwa nakala kumi na mbili. Kwa hiyo aliyasoma. Aliyapanga, akayachapa, akakata kingo zikanyooka, akaniletea mezani, na kama ninavyomfahamu aliniuliza watoto hawajambo. Sikumbuki siku hiyo, na kutoikumbuka kunaniuma kuliko kicheko chenyewe.

Nilishuka koridoni mpaka chumba cha uchapaji. Wanaokifahamu wanajua kwamba kina kiti kimoja cha mbao kando ya dirisha, daima kimebeba rimu za karatasi, na kwamba kila anayeingia Bwana Wino huacha kazi na kuziondoa ili mgeni akae. Nami aliniondolea, nikakaa, nikamwekea lile faili magotini. Alilisoma kama anavyosoma kila kitu, mpaka nukta ya mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakuomba tena.

"Kiti ninacho, Dada," alisema. "Nilikuwa naomba mtu. Sasa mtu utamwandikaje kwenye ombi? Nikaona niandike kiti, labda kikikaa pale wazi, siku moja atatokea aliyechoka kusimama."

Halafu akaniuliza kama ile sentensi nimeiondoa, maana anataka kuanza kuchapa. Nilimwambia nimeiondoa. Akasema rasimu sasa imekaa vizuri. Nilibaki pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa katika chumba hicho, na tuliongea habari za mama yake, ambaye nilimzika pamoja nanyi bila kujua kwamba alikuwa mshonaji wa mashuka ya hospitali na kwamba aliwahi kumbeba mwanawe mgongoni mpaka darasa la tano.

Wapendwa, vyombo vya nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya kanisa ameshavifunga nusu. Kesho yake ya tarehe 30 anahamia mji mwingine, kwa dada yake mkubwa, ambaye amemtengea chumba chenye mlango mpana na kumwekea kitanda karibu na dirisha la barabarani. Anasema atakuwa anakula mezani na watu sita. Alilisema hilo mara mbili. Nafurahi kwa ajili yake, na naona haya kwamba imebidi ahame ili alipate.

Imebaki Jumapili moja, ambayo ndiyo hii mnayosoma jarida hili. Siku ya Alhamisi nilibeba kile kiti cha mbao kutoka chumba cha uchapaji, nikapita nacho mlango mkubwa, nikakiweka kando ya nafasi ya benchi la tatu. Sikuomba kibali cha kamati. Katibu wake ni mimi, na nitajiandikia barua ya onyo mwenyewe. Kiti hakifanani na mabenchi, na mguu mmoja umeegemezwa kwa kadibodi iliyokunjwa. Njia haikuzibwa hata kidogo. Nilipima kwa futi. Miaka tisa ilikuwa kazi ya dakika nne. Mkitazama mbele kulia leo mtaniona nimekaa, na ikifika saa ya kupeana amani msihangaike kupunga, maana mimi nitakuwa na mkono wake.

Bwana Wino, Kaka yetu, kanisa linakushukuru kwa kila ukurasa. Linakushukuru kwa herufi kubwa, kwa Ijumaa zako mlangoni kwa mchungaji, kwa ndoa uliyoiokoa, na kwa kutuchapia hata yale ambayo yangefaa kutuaibisha. Nakuomba radhi mimi binafsi, kwa maandishi, ili ibaki kwenye faili. Nenda ukapumzike kwa dada. Ule mezani na watu, ukae katikati yao, usipewe nafasi ya peke yako tena. Maisha yako mapya yawe mema na marefu, na ukitukumbuka, tukumbuke kwa huruma.

Kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kuandika neno lake mwenyewe katika jarida hili. Nimemwachia mstari wa mwisho wazi, auchape apendavyo. Mimi nitausoma pamoja nanyi.

*Kutoka kwa mchapaji: Kiti kisirudishwe. Mwalimu wa ng'ambo ya barabara amekubali kuja Jumapili ijayo, na ameniuliza nani atakaa naye. Nimemwambia Dada Karani.*